MAISHA YA FRANK HORNBY, MTENGENEZAJI WA MADARAJA MADOGO



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani mmekwisha kusoma habari za wafalme, za waganga na za wenye kuvuka bahari. Safari hii tunawaletea mtu ambaye hakuongoza jeshi, hakuvumbua dawa, na diplome hakuwa nayo hata moja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Labda wengine watacheka. Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kiisha wacheke kama wangali na hamu ya kucheka.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika kabati la fizika, nyuma ya mizani, kuko sanduku la mbao ambalo mwalimu mmoja wa zamani aliacha. Ndani yake kuko mabamba membamba ya chuma yenye matundu, magurudumu, fimbo za chuma, na visi na ekru zaidi ya mia. Mwaka huu sisi wa darasa la mwisho tulipata ruhusa ya kulifungua na kujenga daraja la treni, yaani kilalo, kwa siku ya maonyesho. Juu ya kifuniko kuko neno moja tu: Meccano. Tukauliza ni nani aliyefikiri vitu hivi. Jibu ni Frank Hornby.

1. MTOTO WA LIVERPOOL

Frank Hornby alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tano 1863, mjini Liverpool, Uingereza. Liverpool ni mji wa bandari kando ya mto Mersey. Wakati ule meli zilikuwa zinaingia na kutoka bila kupumzika, na kule bandarini mashini za kuinulia mizigo, zile tunaita gru, zilifanya kazi mchana kutwa. Tena ni kutoka Liverpool mpaka Manchester ndiko ilifunguliwa, mwaka 1830, njia ya reli ya kwanza iliyounganisha miji miwili mikubwa kwa treni za mvuke. Basi mtoto huyu alikulia kati ya meli, gru na treni. Baba yake, John Hornby, alikuwa mchuuzi wa vyakula.

Masomo hakuyapenda. Darasa lilimchosha, na mara mingi alitoroka. Alipofika miaka 16 aliacha masomo kabisa, akaingia katika kazi ya baba yake, akawa mwenye kushika sanduku la feza.

Hapa sisi tunaoandika tumeweka kalamu chini kidogo. Mnajua wote kama kazi yetu ya kapita wa wanafunzi ni kushika daftari la wenye kuchelewa na wenye kutoroka. Kama Hornby angalikuwa mwanafunzi wa hapa, jina lake lingalikuwa katika daftari letu kila juma. Tutarudi kwa neno hili, sababu limetusumbua.

2. MASHINI ISIYOZUNGUKA

Hata hivyo mtoto yule hakuwa mvivu wa kusoma. Alipata kitabu cha mwandishi Samuel Smiles kiitwacho Self-Help, kilichotoka mwaka 1859, ambacho kinasimulia maisha ya wavumbuzi na mafundi waliojifunza wenyewe. Katika kitabu kile kuko habari za Bernard Palissy, Mfaransa mwenye kufinyanga vyungu, aliyetafuta miaka na miaka siri ya kupaka vyungu vyake rangi ya kung'aa, mpaka siku kuni zilipokwisha akatia ndani ya moto meza na mbao za nyumba yake. Habari kama zile zilimwasha Frank. Naye akataka kuwa mvumbuzi.

Alianza vibaya. Alitaka kutengeneza mashini yenye kuzunguka siku zote bila makaa, bila maji, bila mkono wa mtu. Mwalimu wetu wa fizika atawaambia kama jambo hilo haliwezekani: mashini haiwezi kutoa nguvu zaidi ya ile iliyopokea, na kila fasi vyuma vinaposuguana nguvu moja inapotea. Frank alihangaika, mashini haikuzunguka, akaiacha. Lakini mikono yake ilijifunza kukata, kutoboa na kupima, na hiyo haikupotea.

Mwaka 1887 alimwoa Clara Godefroy, mwalimu wa masomo. Mtoroka masomo kumwoa mwalimu, hayo nayo yako ya kushangaza! Walizaa watoto wa kiume wawili, Roland na Douglas.

Mwaka 1899 baba yake alifariki na duka lilifungwa. Hornby alikuwa na miaka 36, bibi na watoto. Akatafuta kazi, akaipata kwa bwana mmoja aitwaye David Hugh Elliott, aliyekuwa analeta nyama kutoka inchi za ngambo. Kazi yake ilikuwa kuandika hesabu katika vitabu vikubwa. Mchana aliandika hesabu, mangaribi alirudi nyumbani na kufanya kazi katika karakana yake ndogo. Mtu aliyemwona wakati ule angalisema: huyu maisha yake yamekwisha kujulikana, ni karani, atazeeka karani.

3. TUNDU LENYE KIPIMO

Karani huyu alikuwa anawatengenezea watoto wake vitu vya kuchezea: gru ndogo, magari, madaraja. Alikata mabamba ya chuma kwa mkono, akayatoboa na kuyaunganisha. Lakini aliona shida moja. Kila safari watoto walipotaka kitu kipya, ilipasa akate vipande vipya. Vipande vya gru havikufaa kwa daraja, na vya daraja havikufaa kwa gari. Kazi ilikuwa inaanza tena sifuri.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kama wazo lilimjia wakati wa Noeli, alipokuwa katika treni, akiangalia nje kwa dirisha, akaona gru. Akajiuliza kama kipande kimoja hakiwezi kutumika kwa mambo mingi. Ingepasa mabamba yote yawe na upana mmoja. Ingepasa matundu yote yawe na ukubwa mmoja. Na zaidi ya yote, ingepasa kutoka tundu moja mpaka tundu lingine nafasi iwe ileile siku zote. Akachagua nusu inchi, ndio milimita 12,7.

Tuwaombe musipite hapa mbio. Wazo zima la Hornby ni hilo tu: tundu kwa kipimo. Chuma kilikuwako mbele yake, visi na ekru vilikuwako, hata vitu vya kuchezea vilikuwa vingi. Alichoongeza yeye ni mapatano kati ya vipande. Ukichukua bamba lolote na lingine lolote, matundu yao yanakutana. Na kwa kuwa yanafungwa kwa visi wala si kwa gundi ao misumari, kila kitu ulichojenga unaweza kukifungua, na vipande vyote vinabaki vizima kwa kazi nyingine.

Wale wa hesabu wajaribu jambo hili. Chukua bamba la matundu 4, la matundu 5 na la matundu 6. Nafasi kati ya matundu ni 3, 4 na 5. Yafunge kwa visi tatu kwenye ncha zao. Utapata pembetatu yenye pembe mraba kamili, bila rula, bila ekeri. Ni Pythagoras ndani ya mikono yako.

4. PAUNDI TANO

Wazo bila feza linalala. Hornby alitaka kuchukua breveti, ndio cheti cha Serikali chenye kukataza watu wengine kuiba uvumbuzi wako, lakini feza ya kulipa hakuwa nayo. Akamwendea patroni wake. Elliott akamkopesha paundi 5, na mwezi wa kwanza 1901 Hornby akapeleka ombi lake. Mwaka ule breveti ikatoka. Elliott hakuishia pale. Alimpa fasi ya kufanyia kazi karibu na biro yake, kiisha akawa mwenzake katika kazi hiyo mpya.

Profesa Henry Hele-Shaw, aliyefundisha wahandisi kule Liverpool, aliangalia vyuma vile akavisifu. Mwaka 1902 sanduku za kwanza ziliuzwa, kwa shilingi 7 na peni 6. Jina lilikuwa Mechanics Made Easy, maana yake mekanika iliyorahisishwa. Ndani mlikuwa vipande vya namna 16. Hata havikuwa vizuri sana kwa macho: vilikuwa vya bati.

Tena feza haikuingia. Mwisho wa mwaka 1903 sanduku 1.500 zilikuwa zimeuzwa, lakini faida hakuna. Miaka ilipita, Hornby akiongeza vipande vipya, akitoa kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Ni mwaka 1906 tu ndipo faida ya kwanza ilionekana, na yenyewe ilikuwa kidogo. Hesabuni wenyewe kutoka 1901: miaka mitano ya kungoja, na mchana kutwa angali anaandika hesabu za nyama.

5. MECCANO NA TRENI

Mwaka 1907 mafundi waliokuwa wanamtengenezea vipande walishindwa kutosheleza watu. Hornby alikata shauri. Aliacha kazi ya mshahara, akakodi fasi kwenye barabara ya Duke Street, Liverpool, akaajiri wafanyakazi. Alikuwa na miaka 44. Mwaka ule, mwezi wa kenda, aliandikisha jina jipya, Meccano, ambalo ni fupi na linatamkika katika luga nyingi. Mwaka 1908 Elliott hakutaka kuendelea, na Hornby akabaki peke yake kuwa mwenye kampuni. Mwaka 1912 alifungua nyumba mjini Paris. Mwaka 1914 alijenga kiwanda kikubwa kwenye Binns Road, Liverpool, na karani wa zamani akawa patroni wa watu mingi.

Mwaka 1916 alianzisha gazeti la watoto wenye kujenga, Meccano Magazine. Sisi wa gazeti hili la stensili tunalitaja kwa furaha, sababu nalo lilianza likiwa na kurasa chache tu.

Mwaka 1920, kiisha vita ya kwanza ya dunia, alitoa treni zake za kwanza. Zilikuwa zinakwenda kwa kamani, kama saa, juu ya reli zenye upana wa milimita 32. Jina lake aliliweka juu ya treni hizo, nazo zikaitwa treni za Hornby. Na zile za kwanza zilifungwa kwa visi na ekru sawa Meccano, mtoto aweze kuzifungua na kuzifunga tena. Mwaka 1925 ilikuja treni ya umeme. Sasa mtoto aliyekuwa na mabamba alikuwa na sababu ya kujenga daraja: kuko treni ya kupita juu yake.

Neno moja juu ya rangi. Kwa miaka mingi vyuma vya Meccano vilikuwa na weupe wa chuma tu. Mwaka 1926, miaka 25 kiisha breveti, Hornby alianza kuvipaka rangi, nyekundu na kijani. Vyuma vya sanduku letu ni vya namna hiyo, ingawa rangi imekwisha kubambuka na kutu imeingia.

Neno lingine, la uchungu kidogo. Hornby alifanya sanduku zake kwa ajili ya watoto wa kiume, na matangazo yake yalisema hivyo wazi. Wasichana hawakuhesabiwa. Hapo mtu mkubwa alikosea, na sisi tuna ushuhuda: katika darasa letu ni dada zetu wawili waliosoma ramani ya daraja mpaka mwisho, wakati sisi wengine tulikuwa tunabishana juu ya turnevisi.

6. DARAJA LETU

Sasa tuwaambie namna tulivyojenga, sababu hapo ndipo tulimwelewa Hornby kuliko katika vitabu.

Tulitaka daraja la sentimita 60. Bamba refu tulilo nalo lina matundu 25, ndio sentimita 32. Basi kila upande tuliunganisha mawili, tukiyalaza moja juu ya lingine kwa matundu matatu. Tukafanya mstari wa chini na mstari wa juu, na kati yao mabamba ya kusimama. Ilionekana nzuri. Tulipoweka tofali moja katikati, daraja lote lililala upande kama mtu mlevi.

Kosa lilikuwa jepesi. Mabamba manne yakifungwa kwa visi nne yanafanya mraba, na mraba unainama, hata visi zikikazwa namna gani. Pembetatu hainami. Ndiyo sababu madaraja makubwa ya reli yamejaa vyuma vya kukingama. Tukafungua, tukaweka bamba la kukingama katika kila mraba.

Likasimama, lakini lilikuwa limepinda: miguu mitatu chini, mmoja hewani. Tuliona haya, na maonyesho yalibaki siku nne. Hapo mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliangalia, akachukua kle, akaanza kulegeza visi zote. Tulikasirika, tukafikiri anatuharibia. Yeye akaendelea tu. Alipokwisha kulegeza zote, aliweka daraja juu ya meza iliyo sawa, akalinyosha kwa mikono, kiisha akakaza visi polepole, akianzia katikati na kwenda kwenye ncha, moja huku, moja kule. Miguu minne ikagusa meza. Alitueleza kama kosa letu lilikuwa kukaza kila visi mara moja: kosa dogo la kwanza linasukumwa kwa la pili, na la pili kwa la tatu, mpaka chuma chote kinapinda.

Tukamwuliza amejifunza wapi. Akajibu: katika garaji ya mjomba wake, kule anakokwenda asubui fulani fulani ili apate feza ya masomo.

Ndugu zangu, asubui zile tunazijua. Ziko ndani ya daftari letu, tulizoandika kwa mkono wetu. Mara tatu tuliandika jina lake kati ya wenye kutoroka. Hata mara moja hatukumwuliza anakwenda wapi.

7. RANGI

Kazi ya mwisho ilikuwa kupaka. Hapo pia tulikosea kwanza. Tulipaka daraja likiwa limefungwa, rangi ikaingia ndani ya ekru, na kesho yake hazikufunguka. Ilitupasa kuzilegeza na petroli ya taa. Namna nzuri ni hii, tunawaachia wale watakaofuata. Fungua vipande vyote. Sugua kutu kwa karatasi ya msasa, kiisha pangusa kwa kitambaa chenye petroli, sababu rangi haishiki juu ya mafuta ao mavumbi. Pitisha uzi ndani ya tundu, tundika vipande kama nguo. Paka kwanza rangi ya kuzuia kutu, nyepesi, ngojea ikauke usiku kucha. Kiisha paka rangi yenyewe mara mbili nyepesi, si mara moja nzito, sababu rangi nzito inaziba matundu, na tundu likizibwa, kazi yote ya Hornby imezibwa. Visi usizipake. Mwishoni funga tena.

Tulipaka vyuma virefu kijani na mabamba mapana nyekundu, kama ilivyokuwa zamani. Treni hatuna. Tuliweka matofali mawili, daraja likayabeba. Wengi wenu mliliona siku ya maonyesho.

8. MASHINI YA MANCHESTER, NA MWISHO WA MAISHA

Wangali kuko wenye kusema ni michezo ya watoto. Tuwape habari moja. Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, profesa Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walitaka mashini ya kutafuta majibu ya hesabu ngumu sana, zile ziitwazo ekwasio diferensiali. Mashini kama ile ilikuwako Marekani, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno. Wao walijenga mfano wake kwa vipande vya Meccano, sehemu kubwa, na mfano ule ulitoa majibu ya kutosha kwa kazi ya kweli ya sayansi. Kiisha hapo mashini kubwa ikajengwa. Matundu ya karani yaliingia chuo kikuu, ambamo yeye mwenyewe hakuingia kamwe kuwa mwanafunzi.

Hornby alitajirika. Mwaka 1931 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza kwa fasi ya Everton, sehemu moja ya Liverpool, akakaa mpaka 1935. Katika miaka ile kiwanda chake kilitoa pia magari madogo ya chuma, Dinky Toys, ambayo hata leo watu wanayatafuta na kuyaweka kama hazina. Lakini afya yake ilikuwa inapunguka. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na moyo ulikuwa zaifu. Alifariki tarehe 21 mwezi wa kenda 1936, mjini Liverpool, akiwa na miaka 73, na kuzikwa Maghull, karibu na mji ule, fasi alipokuwa anakaa. Mtoto wake Roland akashika kampuni.

Kampuni nayo haikuishi milele. Mwaka 1964 iliuzwa kwa watu wengine, na mwaka 1979 kiwanda cha Binns Road kilifungwa, wafanyakazi wakarudi nyumbani. Tunaandika hayo sababu maisha ya mtu mkubwa si sukari tupu. Lakini jina la Hornby lingali linaandikwa juu ya treni ndogo, na sanduku letu la kabati lingali linafanya kazi.

9. NENO LETU KWA WENZETU

Tumesema tutarudi kwa daftari. Tumerudi.

Wengine watasoma maisha haya na kusema: Hornby alitoroka masomo akawa tajiri, basi nasi tutoroke. Hapana. Hornby aliacha darasa, lakini kujifunza hakuacha. Tena ilimpasa kungoja mpaka miaka 44 ili asimame kwa kazi yake mwenyewe, na bila paundi 5 za mtu mwingine labda asingesimama. Kwa mmoja kama huyo, wangapi walibaki makarani, na wazo lao likafa nao? Hatuwezi kuwahesabu, sababu hakuna mtu aliyeandika maisha yao.

Fundisho letu ni lingine. Kwanza, kwa wenzetu waliopoteza mwaka na wanaona haya kukaa pamoja na wadogo zao darasani: visi inafunguka. Mtu aliyekosea daraja hatupi chuma. Analegeza, ananyosha, anakaza tena kutoka katikati. Mwaka uliorudiliwa si chuma kilichovunjika, vipande vyote vingali vizima mkononi mwako. Mtihani wa Serikali uko mbele yetu sisi wote, na hakuna anayejua ni nani atakayelegeza visi kesho.

Pili, kwetu sisi wenye kushika daftari. Daftari tutaendelea kulishika, sababu masomo bila utaratibu ni kama mabamba bila kipimo, matundu hayakutani. Lakini tangu juma lililopita tumepiga mstari mpya katika kila ukurasa. Mbele kulikuwa jina, tarehe na saa. Sasa kuko fasi ya nne: sababu. Hatuandiki kitu hapo mbele ya kumwuliza mtu mwenyewe uso kwa uso. Na yule mwenzetu tulikwenda naye mbele ya Bwana Prefe, tukaeleza habari za garaji. Amekubaliwa kulipa kidogo kidogo, na asubui yuko darasani. Kwa garaji anakwenda mangaribi.

Elliott alikuwa na mlango wa biro yake, karani akagonga, naye akafungua. Kila mmoja wetu yuko na mlango mdogo: mwalimu, kapita, hata yule wa darasa la kwanza mwenye kukopesha turnevisi.

Daraja letu liko juu ya kabati la fizika. Wale wa darasa la tano watalifungua mwaka ujao na kujenga kitu kingine, labda gru. Hatutakasirika, sababu lilifanywa hivyo. Tunawaomba neno moja tu: visi zimebaki 112, tumezihesabu. Musizipoteze.

Ni sisi,
Kapita wa Wanafunzi, Darasa la Mwisho